Uchambuzi wa kisa: Kuipiga picha kumbukumbu ya programu kabla haijafa

Kisa hiki kilitokea katika kampuni moja ya Afrika Mashariki inayoendesha mfumo wa vikundi vya akiba na mikopo. Jina la kampuni, majina ya watu, tarehe, na majina ya sehemu za msimbo yameondolewa au kubadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya wahandisi ambao siku moja watakaa mbele ya programu inayokufa bila kusema kwa nini, na kwa viongozi wao, ambao ndio wenye uwezo wa kuwapa nafasi ya kulijua hilo.

Usuli

Huduma tunayoizungumzia inakaa katikati. Upande mmoja inapokea taarifa za malipo kutoka mitandao ya simu: mwanachama akituma mchango wake, mtandao unaieleza huduma hii nani katuma, kiasi gani, na kwa kikundi kipi. Upande wa pili inakokotoa ada, kisha inaandika kwenye daftari la kikundi. Imeandikwa kwa Java 17 na inaendeshwa ndani ya Kubernetes, mfumo unaosimamia programu na kuziwasha upya zikifa, kwa nakala tatu. Kila nakala ilikuwa na ukomo wa GB 8 za kumbukumbu. Kati ya hizo, GB 6 zilitengewa hipu, yaani eneo ambamo objekti zote za programu, vipande vya data inavyovifanyia kazi, huishi.

Kumbukumbu ya programu ya Java hupanda na kushuka. Hupanda programu inapofanya kazi, halafu msafishaji wa ndani hupita, huondoa objekti zisizotumika tena, na grafu hushuka. Mtu mzoefu hatazami kilele, anatazama kiwango cha chini kinachobaki baada ya kusafisha. Katika huduma hii kiwango hicho kilikuwa kikipanda kila siku. Objekti fulani zilikuwa zimeshikiliwa na kitu, na msafishaji hana ruhusa ya kugusa kilichoshikiliwa.

Dawa iliyotumika ilikuwa kuzima na kuwasha. Kila usiku saa nane, kazi ya ratiba iliwasha upya nakala zote tatu, na asubuhi grafu ilianza tena chini. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyelalamika. Kisha vikundi viliongezeka, na ukafika mwisho wa mwezi ambao mishahara ilitoka siku moja kwa waajiri wengi. Nakala hazikufika usiku. Zilianza kufa saa saba mchana, moja baada ya nyingine, na waweka hazina wa vikundi wakawa wanapiga simu kuuliza kwa nini pesa imekatwa kwenye simu ya mwanachama lakini haionekani kwenye daftari.

Namba 137 na wauaji wawili

Timu iliposoma hali ya nakala zilizokufa ilikuta namba ya kutoka ni 137. Wengi wetu tumezoea kusoma namba hiyo kwa tafsiri moja: keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, imeiua programu kwa kuzidisha ukomo wa kumbukumbu. Kwa hiyo pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza ukomo kutoka GB 8 hadi GB 12.

Lakini 137 ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya SIGKILL, inayoua programu papo hapo. Namba inakueleza silaha, haikuelezi aliyeishika. Keneli ikiua kwa sababu ya kumbukumbu, Kubernetes huandika sababu kuwa `OOMKilled`. Hapa sababu ilikuwa `Error` tu, na kwenye orodha ya matukio palikuwa na mistari mingi ya kushindwa kwa kipimo cha uhai, swali ambalo Kubernetes huiuliza nakala kila mara kujua kama bado iko hai. Kilichotokea ni hiki: hipu ilikaribia kujaa, msafishaji akawa anapita mfululizo bila kupata cha maana cha kuondoa, programu nzima ikawa inasimama kumsubiri, na kipimo cha uhai hakikujibiwa kwa wakati. Kubernetes ikaihesabu nakala kuwa imekufa, ikaiomba ifunge, ikasubiri sekunde 30 za kawaida, kisha ikaimaliza kwa SIGKILL. Namba ni ileile, lakini muuaji ni mwingine kabisa.

Jambo hilo lilijibu pia swali lililokuwa limewasumbua kwa muda mrefu. Huduma ilikuwa imewekewa `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError`, maagizo yanayoiambia Java ijipige picha yenyewe, yaani iandike yote yaliyomo kwenye hipu ndani ya faili, pale kumbukumbu inapoisha. Hakuna siku picha ilipatikana. Java hupiga picha hiyo pale tu inapokiri yenyewe kwamba imeshindwa kutenga kumbukumbu. Nakala hizi zilikuwa zikiuawa kabla hazijafika hapo. Hata kama zingefika, njia ya faili ilielekezwa `/tmp` ndani ya kontena, kisanduku ambamo programu huendeshwa, na kontena likiwashwa upya kila kilichoandikwa humo hupotea nalo. Ulinzi uliokuwa umeandikwa kwenye mipangilio haukuwa na uwezo wa kufanya kazi hata mara moja.

Jaribio la kwanza

Mhandisi wa zamu aliamua kuipiga picha nakala moja ikiwa bado hai, mchana uleule. Kontena lilikuwa na sehemu ya kuendeshea Java tu, bila `jcmd` wala zana nyingine za uchunguzi, jambo ambalo ni sahihi kiusalama. Akatumia `kubectl debug` kuingiza kontena la muda lenye zana kamili ndani ya nakala ileile, likishirikiana nayo orodha ya michakato. Akaagiza:

`jcmd 1 GC.heap_dump /tmp/h.hprof`

Ili picha iwe na maana lazima programu isimame. Objekti zikiendelea kubadilika wakati zinaandikwa, viungo kati yake vitaonyesha hali ambayo haijawahi kuwepo. Java husimamisha nyuzi zote (mikondo ya kazi ndani ya programu), hufanya usafi kamili, kisha huandika hipu yote kwenye diski. Kwa hipu yenye GB zaidi ya tano na diski ya kawaida ya wingu, kazi hiyo haimaliziki kwa nusu dakika.

Kipimo cha uhai kilikuwa kinapita kila sekunde 10, na kikishindwa mara tatu mfululizo nakala inauawa. Hayo ni maadili ambayo Kubernetes hutumia usipoandika yako. Programu ilisimama ili ipigwe picha, kipimo kikaona imenyamaza, nakala ikauawa picha ikiwa katikati. Maombi ya malipo yaliyokuwa ndani yake yakaning'inia mpaka upande wa mitandao ukakata tamaa na kuyatuma upya.

Faili nalo lilitafutwa mahali pasipo. Mhandisi alilitafuta ndani ya kontena lake la muda, lakini anayeandika picha ni programu yenyewe inayopigwa picha, kwenye diski ya kontena lake, hata kama aliyeagiza yuko kwingine. Ungeweza kulifikia kupitia `/proc/1/root/tmp`. Alipolijua hilo kontena lilikuwa limeshawashwa upya.

Maamuzi, na kwa nini

Jioni ile walikaa. Mezani palikuwa na njia nne, na mjadala haukuwa mwepesi, kwa sababu mkuu wa huduma kwa wateja alikuwepo na alitaka kusikia kesho simu zitapungua vipi.

Kuongeza kumbukumbu kulikataliwa, ingawa ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kungenunua saa chache kila siku, na kungefanya picha iwe kubwa zaidi na nakala isimame muda mrefu zaidi siku ya kuipiga.

Njia ya pili ilikuwa kuwasha upya mara mbili kwa siku. Hii ilikubaliwa, lakini kwa nakala mbili tu, na kwa sharti kwamba ni ya muda.

Ya tatu ilikuwa kutumia `gcore`, zana inayonakili kumbukumbu yote ya mchakato kama ilivyo, bila kuiomba Java ishirikiane. Mara nyingi ni ya haraka zaidi, kwa sababu haipitii objekti moja moja, na baadaye `jhsdb jmap` inaweza kutoa picha ya hipu kutoka ndani ya nakala hiyo. Sharti lake ni kuwa na Java ya toleo lilelile hasa iliyokuwa ikiendesha programu. Lakini `gcore` huhitaji ruhusa ya kufuatilia mchakato wa mwingine, yaani `SYS_PTRACE`, ambayo sera ya usalama ilikuwa imeifunga kwenye mazingira ya uzalishaji.

Wakachagua ya nne: kuandaa nakala moja ya uchunguzi, kuiacha iugue kwa makusudi, na kuipiga picha kwa utaratibu. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwa maana kuiandaa nakala ni kuiwasha upya, na kuiwasha upya ni kupoteza ugonjwa uliokuwa tayari umekomaa. Walikubali kusubiri. Kwa mtazamo wangu huu ndio uamuzi uliokiokoa kisa hiki chote, na sifa yake inamwendea kiongozi wa timu aliyemwambia mkuu wa huduma kwa wateja waziwazi: "Mama, kesho tatizo litakuwepo bado. Nakuomba siku chache ili nisikuombe miezi."

Nakala ya uchunguzi ilitofautiana na wenzake kwa mambo machache. Iliwekewa diski ya muda ya `emptyDir` kwenye njia `/picha`, ambayo hubaki kontena likiwashwa upya mradi nakala yenyewe haijafutwa, na `HeapDumpPath` ikaelekezwa huko. Kipimo chake cha uhai kiliruhusiwa kushindwa mara 30 badala ya tatu, yaani kama dakika tano. Kipimo cha utayari kiliachwa kama kilivyo. Tofauti ya vipimo hivi viwili ni muhimu: cha utayari kikishindwa, nakala huacha kupewa wateja lakini haiuawi. Kwa hiyo hata ikikwama kabla ya kupigwa picha, malipo yangeelekezwa kwa wenzake.

Kabla ya picha kubwa waliamua kuchukua kitu kidogo zaidi. `jcmd 1 GC.class_histogram` hutoa orodha ya klasi, yaani aina za objekti, idadi ya objekti za kila moja, na baiti zinazochukua. Hugharimu kusimama kwa muda mfupi tu, na haina data ya mteja hata moja, ni majina ya klasi na namba. Walichukua orodha kadhaa, kwa saa zilizoachana, wakazilinganisha.

Juu kabisa palikuwa na `byte[]`, yaani safu ghafi za baiti, na kijana mmoja akaanza kufuatilia maktaba ya mtandao akiamini ndiyo inayoshikilia bafa (nafasi za muda za data). Katika programu nyingi za Java za sasa `byte[]` huwa juu, kwa sababu maandishi yote huhifadhiwa humo. Kilichostahili kutazamwa ni mistari inayokua kwa uwiano mmoja. Ilikuwepo miwili: `ConcurrentHashMap$Node`, na klasi ya kampuni yenyewe ambayo hapa nitaiita `UfunguoWaAda`. Idadi zake zilipanda pamoja, saa baada ya saa. Klasi hiyo ilitumika sehemu kadhaa za msimbo, kwa hiyo orodha ilimtaja mshukiwa bila kusema nani anamshikilia. Hapo ndipo picha kamili ilipohitajika.

Picha yenyewe

Siku iliyofuata, kiwango cha chini cha nakala ya uchunguzi kilipovuka GB 4.5, mhandisi aliiondolea lebo ambayo Kubernetes huitumia kuichagua. Kwa kitendo hicho kimoja mambo mawili hutokea: nakala hutoka kwenye orodha ya wanaopelekewa wateja, na msimamizi wa nakala huihesabu kuwa haimo tena na kuzaa nyingine mahali pake. Ile ya zamani hubaki hai, imejitenga, na ugonjwa wake wote ndani. Walisubiri maombi yaliyokuwa yakiendelea yaishe, wakathibitisha kwenye logi kwamba hakuna jipya linaloingia, kisha wakaagiza picha. Programu ilisimama kwa muda uliozidi dakika moja, faili likakamilika, na hakuna mteja aliyehisi chochote.

Waliacha agizo katika hali yake ya kawaida, ambayo huandika objekti zilizo hai tu. Lipo chaguo la `-all` linaloongeza na zile zinazosubiri kusafishwa. Kwa uvujaji wa kumbukumbu hazina msaada, maana kinachovuja ni kile kinachoshikiliwa. Na mabaki hayo hubeba maandishi ya miamala iliyopita, data zaidi ya wateja bila faida yoyote.

Kijana yule alitaka kulipakua faili kwenye kompyuta yake ya mkononi, na pia kulituma kwa msambazaji wa nje wa maktaba moja waliyoitumia. Alimwandikia ofisa usalama wa taarifa: "Dada, naomba ruhusa. Faili ni la Java tu, halina data za wateja." Ofisa hakubishana naye. Alimjibu: "Mdogo wangu, lipitishe kwanza kwenye `strings`, tafuta kinachoanza na msimbo wa nchi yetu, halafu unieleze."

Tangu Java 9, maandishi ya herufi za kawaida za Kilatini huhifadhiwa baiti moja kwa kila herufi. Huhitaji zana maalumu kuyasoma: `strings`, zana ndogo inayotoa maandishi yaliyomo ndani ya faili lolote, inatosha. Skrini ilijaa namba za simu, zikifuatana na majina kamili na kiasi kilichotumwa. Chini kidogo palikuwa na nywila ya hifadhidata kama ilivyosomwa kutoka kwenye mipangilio, na tokeni za kuingilia kwenye mtandao mmoja wa simu, zikiwa bado hazijaisha muda. Kijana hakurudia ombi lake.

Picha ilisimbwa palepale ilipokuwa, ikahamishiwa kwenye seva ya uchambuzi ndani ya mtandao uleule, watu wawili tu wakapewa ruhusa, na tarehe ya kuifuta ikaandikwa kabla ya kuifungua. Tokeni na nywila zilibadilishwa. Nakala iliyojitenga ilifutwa kwa mkono, maana haina tena msimamizi wa kuifuta. Msambazaji wa nje alipelekewa orodha ya klasi tu.

Kilichopatikana

Walitumia Eclipse Memory Analyzer, wakiendesha hatua nzito ya kusoma faili kwenye seva na kufungua matokeo baadaye. Zana hii hutofautisha ukubwa wa objekti yenyewe na ukubwa wa vyote ambavyo vingeondoka kama yenyewe ingeondoka. Kwa kipimo cha pili, `ConcurrentHashMap` moja ilikuwa imeshikilia zaidi ya nusu ya hipu. Kufuata njia hadi kwenye shina lake kulionyesha kuwa ni kache ya ada, iliyowekwa ili huduma isiulize hifadhidata ada ileile kila muamala.

Walipofungua funguo zake, walikuta safu baada ya safu zenye mtandao uleule, aina ileile ya muamala, ngazi ileile ya kiasi. Kache ambayo ingepaswa kuwa na maingizo mia chache ilikuwa na mamilioni, na karibu yote yakirudia.

`UfunguoWaAda` iliwahi kuandikwa kama `record`, aina ya klasi ambayo Java huipa yenyewe `equals` na `hashCode`, mbinu za kujua kama vitu viwili ni sawa, kwa kutazama yaliyomo. Miezi ya nyuma iligeuzwa kuwa klasi ya kawaida ili ikubaliane na maktaba ya kusoma JSON, na mbinu hizo mbili hazikuandikwa. Kuanzia hapo funguo mbili zenye yaliyomo sawa zilikuwa vitu viwili tofauti machoni pa Java. Kila muamala uliitafuta ada kwenye kache, ukaikosa, ukaiuliza hifadhidata, ukaihifadhi chini ya ufunguo mpya ambao hakuna atakayeupata tena.

Matokeo

Klasi ilirudishwa kuwa `record`, na kache ikawekewa ukomo wa maingizo. Kiwango cha chini cha kumbukumbu kikatulia. Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni hifadhidata: maswali ya ada yaliyokuwa yakiilemea yalikwisha, na malalamiko ya zamani kuhusu ucheleweshaji, yaliyokuwa kwenye orodha ya timu nyingine kabisa, yakafungwa pamoja nayo. Kazi ya kuwasha upya usiku iliachwa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata upite, ndipo ikaondolewa.

Uchambuzi

Majaribio ya msimbo yalikuwepo na yalipita yote. Kila moja liliuliza ada mara moja na kupata jibu sahihi, kwa sababu kache iliyovunjika kwa namna hii haikosei jibu kamwe. Jaribio lililoongezwa linauliza ada ileile kwa funguo mbili zilizoundwa tofauti na kudai ingizo moja tu.

Kuwasha upya kila usiku kuliwahudumia wateja, na sitawalaumu walioanzisha. Gharama yake ni kwamba kulifuta ushahidi kila siku na kulifanya tatizo lisiwe na mwenyewe. Laiti wangeiacha nakala moja bila kuiwasha upya tangu mwanzo, ingekomaa katika mwezi wenye utulivu, na isingesubiri siku ya mishahara.

Orodha za klasi zilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Zilimpata mshukiwa bila data ya mtu yeyote kuguswa, na zikawapa wachambuzi swali mahususi la kuuliza picha. Anayefungua picha ya GB kadhaa bila swali huishia kwenye `byte[]`.

Kuhusu usiri, nadhani timu ilikaribia hatari kuliko ilivyojua. Picha ya kumbukumbu huwekwa kwenye fikra pamoja na logi, na logi huzungushwa kati ya watu bila kufikiri. Microsoft ilieleza Septemba 2023, kuhusu ufunguo wa kutilia saini ulioibwa na kundi iliyoliita Storm-0558, kwamba huenda ufunguo huo uliingia kwenye picha ya mfumo ulioanguka Aprili 2021, na picha hiyo ikahamishwa kutoka mtandao uliotengwa hadi mazingira ya uchunguzi yaliyounganishwa na intaneti. Machi 2024 ikasahihisha kwamba haijaipata picha yenye ufunguo huo. Hata kama njia ya wizi ilikuwa nyingine, mpangilio wenyewe ndio uleule kijana wetu aliokuwa anauomba: kutoka uzalishaji, hadi kompyuta ya mkononi, hadi kwa msambazaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, hazitaji hipu wala Java, lakini namba ya simu iliyo ndani ya picha ni taarifa binafsi kama ile iliyo kwenye hifadhidata.

Pengo moja bado lipo. Picha ya hipu haionyeshi kumbukumbu iliyo nje ya hipu: bafa za mtandao, maktaba za C, nafasi za nyuzi. Huduma hii ina GB 2 za aina hiyo kati ya hipu na ukomo wa kontena, na zikivuja, yote yaliyoelezwa hapa hayataona kitu. Timu imeomba `SYS_PTRACE` kwa nakala ya uchunguzi peke yake, iliyokwisha kutengwa na wateja, ili `gcore` iwezekane. Ofisa usalama ameuliza nani atawasha ruhusa hiyo, nani ataizima, na nani atathibitisha kwamba imezimwa. Maswali mawili ya kwanza yameshapata majibu.